Maumivu ya Vidole na Mikono kwa Anayejifunza Gitaa: Mwongozo Kamili

Anayeanza kujifunza gitaa hukutana na maumivu kabla hajakutana na muziki. Ncha za vidole vinavyobana nyuzi huwaka na kubaki na mistari myekundu, kiganja huchoka, na mara nyengine kifundo cha mkono huuma hadi usiku. Akiuliza, jibu analopewa na waliomtangulia ni kwamba avumilie mpaka vidole viote sugu. Jibu hilo ni sahihi kwa ngozi peke yake, na kwa sababu halitaji mpaka wake, limewaumiza wengi. Maumivu ya ngozi hupungua kadiri mtu anavyoendelea kupiga. Maumivu ya kano, viungo na mishipa ya fahamu huzidi kadiri anavyoendelea.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa Unguja au Pemba anayejifunza nyumbani au katika kikundi, akiwa na gitaa alilonunua, alilorithi au aliloazima. Hatua zimepangwa kwa makusudi: kujua kwanza kinachouma, kisha kukikagua chombo, ndipo kuurekebisha mkono. Maelezo yote yanamhusu anayebana kwa mkono wa kushoto na kupiga kwa wa kulia. Anayetumia kushoto ageuze.

Hatua ya 1: Jua kinachouma ni kitu gani

Maumivu ya ngozi hukaa juu juu, kwenye ncha za vidole vinne vya kubania. Huanza ndani ya dakika chache, huwa makali zaidi siku ya pili na ya tatu, na utayasikia ukishika kikombe cha chai ya moto au ukigusa limau. Kwa mtu apigaye kidogo kidogo kila siku, ngozi huanza kuwa ngumu baada ya wiki mbili hadi nne. Haya ndiyo maumivu ya kuvumiliwa, kwa kiasi.

Uchovu wa misuli ni jambo jengine. Huu husikika kwenye nyama ya chini ya kidole gumba na katika kigasha, na hutoweka ukilala. Si hatari kwa wenyewe, lakini ni ushahidi kwamba unabana kwa nguvu kuliko inavyohitajika, na tiba yake iko katika hatua ya nne.

Maumivu ya ndani ndiyo ya kuogopwa. Kano zinapovimba, panauma unapozitumia, mara nyingi kwenye kifundo upande wa gumba: ukilificha gumba ndani ya ngumi kisha ukainamisha ngumi kuelekea upande wa kidole cha mwisho, maumivu hupiga papo hapo. Mshipa wa fahamu unaobanwa hutoa ganzi au hali ya kuchomwachomwa, na mahali ganzi ilipo panaeleza ni mshipa gani. Ganzi ya gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete hutokana na mshipa unaopita katikati ya kifundo cha mkono upande wa kiganja. Ganzi ya kidole cha mwisho na nusu ya pili ya kidole cha pete hutokana na mshipa unaopita nyuma ya kisukusuku. Ipo pia hali ya kidole kunasa kikiwa kimekunjwa, kisha kufunguka kwa kishindo kidogo.

Kipimo chepesi cha kutenganisha ni hiki: uweke mkono mezani usifanye kitu. Ikiwa bado panauma kwa ndani, au ikiwa ganzi inakuamsha usiku, umeshatoka katika eneo la uvumilivu. Acha kupiga na usome hatua ya mwisho kabla ya nyengine zote.

Jambo moja husahauliwa na karibu kila mwalimu wa gitaa niliyemsikia, nalo ni kazi ya mchana. Mkono hauna hesabu mbili, moja ya kazi na moja ya muziki. Aliyeshinda akichambua karafuu kutoka kwenye makonyo, aliyesokota kamba za makumbi, aliyeendesha bodaboda huku akibana klachi tangu asubuhi, fundi seremala, fundi cherehani, na hata kijana aliyeandika kwenye simu kwa gumba saa nzima, wote hufika kwenye gitaa na mkono uliokwisha tumika. Dakika 20 ambazo kwa mwanafunzi wa skuli ni chache, kwa mchambuaji karafuu katikati ya msimu zaweza kuwa nyingi mno, naye apunguze bila kuona haya.

Hatua ya 2: Kagua gitaa kabla ya kujilaumu

Hapa nitakaa kwa kirefu, kwa sababu sehemu kubwa ya maumivu ya wanaoanza hutoka kwenye gitaa lenyewe. Magitaa mengi ya bei nafuu hutoka kiwandani nyuzi zikiwa juu mno, na hakuna anayeyarekebisha kabla hayajamfikia mnunuzi. Gitaa lililokaa miaka juu ya kabati huwa na hali mbaya zaidi.

Anza na aina ya nyuzi. Gitaa la klasiki hutumia nyuzi za nailoni, nazo ni nene, laini na hazivutwi sana; seti nzima huvuta shingo kwa uzito wa takriban kilo 40. Gitaa la nyuzi za chuma lisilo la umeme, likifungwa seti ya kawaida ambayo pakiti yake huandikwa 12, huvutwa kwa zaidi ya kilo 70. Namba hiyo ni unene wa uzi mwembamba kuliko yote, kwa sehemu za elfu za inchi. Ukibadilisha ukafunga seti ya 10, mvuto hushuka hadi karibu kilo 60, na vidole vitaijua tofauti siku hiyo hiyo. Mwenye kuanza hana sababu ya kutumia seti nzito. Lakini usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa la klasiki kwa kutafuta sauti kali, kwani halikujengwa kubeba mvuto huo: shingo itapinda au daraja, yaani kile kipande kilichogundishwa usoni mwa gitaa ambako nyuzi hufungwa, litang'oka.

Aliyetokea kwenye udi atashangaa zaidi kuliko wengine. Udi unaopigwa katika vikundi vyetu vya taarabu, toka zama za kuanzishwa Nadi Ikhwan Safaa mwaka 1905, hauna vyuma shingoni, na nyuzi zake za siku hizi kwa kawaida ni za nailoni, zile nene zikiwa zimezungushiwa waya mwembamba. Mwenye miaka katika udi huwa na vidole vyepesi na masikio mazuri, lakini ncha zake hazijazoea chuma kitupu. Naye aanze upya, kwa dakika chache.

Pili, pima kimo cha nyuzi. Hesabu freti, yaani vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, mpaka ufike ya 12. Mara nyingi pana vidoa viwili hapo. Simamisha rula juu ya freti hiyo na usome umbali kutoka mgongo wa freti hadi chini ya uzi. Rula ya mkebe wa hesabu ina nafasi tupu kabla ya sifuri, kwa hivyo ikate nafasi hiyo kwa kisu kwanza. Katika gitaa la chuma lisilo la umeme, uzi mnene uwe na milimita 2.5 hivi na uzi mwembamba karibu 2. Gitaa la umeme huwa chini kidogo, kati ya milimita 1.5 na 2. Gitaa la klasiki huwa juu zaidi, takriban 4 kwa uzi mnene na 3 kwa mwembamba, na hilo si kosa. Ukikuta milimita 4 au 5 kwenye gitaa la chuma, usijifunze nalo mpaka lishushwe.

Tatu, angalia upande wa kichwa, kwenye kile kipande chenye vijifereji ambamo nyuzi hupita. Vijifereji visipochimbwa vya kutosha, freti ya kwanza na ya pili huwa ngumu mno, na hizo ndizo mwanafunzi anazoanzia. Bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, kisha utazame nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya kwanza. Pabaki upenyo mdogo sana, wa kupita karatasi nyembamba. Ikiwa panapita kadi ya laini ya simu, vijifereji viko juu na vinahitaji kazi ya fundi.

Kushusha kimo kwenye daraja si kazi ya ajabu, lakini si ya haraka pia. Kipande cheupe cha plastiki au mfupa kinachokaa juu ya daraja hutolewa na kusuguliwa chini yake kwa msasa, juu ya meza iliyo sawasawa. Kumbuka kwamba kushusha milimita 1 penye freti ya 12 kunataka kupunguza milimita 2 kwenye kipande chenyewe. Sugua kidogo, rudisha, pima, kwa maana kilichokwisha suguliwa hakirudi. Ama fimbo ya chuma iliyomo ndani ya shingo ya magitaa mengi ya nyuzi za chuma, hiyo muachie anayeijua, nayo huzungushwa robo mzunguko kwa wakati mmoja.

Nne, hali ya hewa ya visiwani. Watengenezaji wa magitaa hukusudia mbao zikae penye unyevu wa hewa wa takriban asilimia 45 hadi 55, nasi huku huwa juu ya hapo karibu mwaka mzima, na zaidi wakati wa masika. Mbao hunyonya unyevu, uso wa gitaa huvimba kidogo, daraja huinuka pamoja nao na nyuzi hupanda. Ndiyo maana gitaa lililokuwa jepesi wakati wa kaskazi kavu laweza kuwa gumu mwezi wa Aprili bila mtu kuligusa. Lipime tena masika yakishika. Livishwe mfuko na lisiegemezwe kwenye ukuta wa mawe na chokaa unaotoa maji. Vile vifuko vidogo vinavyonyonya unyevu, vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vitiwe humo humo badala ya kutupwa. Wala lisiachwe chini ya bati mchana au ndani ya gari, kwani joto hulegeza gundi. Pitisha ukingo wa karatasi nyuma ya daraja: ukiingia chini yake, daraja limeanza kuachia.

Tano ni kutu. Upepo wa bahari na jasho la mkono hula nyuzi za chuma upesi, na uzi wenye kutu hukwaruza ngozi kila unapoteleza. Chukua kitambaa cheupe, ukibane kwenye uzi mwembamba na kukivuta kutoka daraja hadi kichwa. Kikitoka na mstari wa rangi ya kahawia, vidole vyako vilikuwa vikisuguliwa na msasa. Badilisha nyuzi, na tokea siku hiyo kila ukimaliza kupiga uzifute juu na chini kwa kitambaa kikavu.

Kama huna fundi wala pesa ya nyuzi mpya, bado ipo njia isiyo na gharama: shusha sauti ya gitaa zima kwa kulegeza nyuzi. Ukishusha nyuzi zote kwa nusu toni, yaani hatua ya freti moja, mvuto hupungua kwa takriban asilimia 11. Ukishusha toni nzima, hupungua kwa asilimia 20 hivi. Ukitaka kupiga pamoja na wenzako kwa sauti ya kawaida, funga kapo, yaani kibanio kinachobana nyuzi zote kwa pamoja, kwenye freti ya pili, na utapata faida nyengine, kwamba tatizo la vijifereji vya kichwani halitakuhusu tena. Tony Iommi, mpiga gitaa wa kundi la Black Sabbath la Uingereza, alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wake wa kubania na mashine ya kiwandani akiwa kijana. Alijitengenezea vifuniko vya vidole, akatafuta nyuzi nyepesi, na baadaye akashusha sauti ya gitaa lake. Aliyeanza wiki iliyopita asione kulegeza nyuzi kuwa ni udhaifu.

Hatua ya 3: Kaa vizuri

Kaa juu ya kiti kisicho na mikono, miguu yote ikigusa chini. Kitanda hubonyea na kukupindisha mgongo. Mkeka nao, kwa anayekaa amekunja miguu, huifanya shingo ya gitaa ianguke chini, na shingo ikianguka kifundo cha mkono wa kushoto hupinda kuifuata. Baraza la nje halina ubaya, ila usiegemee ukutani ukateleza mbele.

Kichwa cha gitaa kiinuke mpaka kikaribie usawa wa bega. Tumia mkanda hata ukiwa umekaa, ili mkono wa kushoto usiwe na kazi ya kubeba gitaa juu ya kazi ya kubana. Uso wa gitaa utazame mbele. Wanaoanza hupenda kuulaza wapate kuona vidole vyao, na kwa kufanya hivyo hulazimika kukunja kifundo kwa pembe kali, na kifundo kilichokunjwa sana huzibana kano na mshipa wa fahamu vinavyopita katika njia nyembamba pale pale. Iegemeze simu mezani ujirekodi kwa dakika moja, kisha utazame: mstari kutoka kigasha hadi mgongo wa kiganja uwe karibu kunyooka. Mabega yakiwa yamepanda kuelekea masikioni, yashushe.

Hatua ya 4: Jifunze kubana kwa nguvu inayotosha tu

Fanya zoezi hili kabla ya kujifunza mshiko wowote, yaani mpangilio wa vidole vinavyobana nyuzi kadhaa kwa pamoja. Weka kidole cha shahada juu ya uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko zote, kwenye nafasi ya tano, kati ya freti ya 4 na ya 5, bila kubonyeza kabisa, huku mkono wa kulia ukiupiga uzi huo taratibu bila kusita. Utasikia mlio mfu. Ongeza nguvu kidogo sana. Mlio utageuka kuwa mkwaruzo. Ongeza tena kidogo. Ghafla sauti itasafika. Simama hapo hapo. Hiyo ndiyo nguvu yote inayohitajika, na takriban kila anayeanza hutumia zaidi ya hiyo kwa mbali. Sasa legeza mpaka mkwaruzo urudi, bana tena mpaka uondoke, na urudie kwa vidole vyote vinne. Kidole cha mwisho kitagoma, nacho usikilazimishe.

Kisha lijaribu zoezi hilo hilo mahali tofauti ndani ya nafasi moja. Ukiweka kidole katikati ya freti mbili, au karibu na ile ya nyuma, utalazimika kubonyeza sana. Ukikisogeza mpaka nyuma kidogo tu ya freti ya mbele, ile iliyo upande wa tundu la sauti, uzi hutoa sauti safi kwa nguvu ndogo. Umbali wa kusogea haufiki sentimita 3, na hakuna marekebisho mengine ya mkono yanayoleta nafuu ya haraka kuliko haya.

Gumba likae nyuma ya shingo, takriban mkabala na kidole cha kati, likiwa limelegea. Kazi yake ni kuituliza shingo. Ili ulipime, lisogeze pembeni kabisa wakati vidole vimebana, na uache uzito wa mkono uvute nyuzi kuelekea kwako huku kigasha cha kulia kikilishikilia gitaa kwenye ubavu wako. Utakuta sauti bado inatoka. Unapolirudisha gumba, lirudishe bila kubana. Zoezi hili lifanywe kwa sekunde chache tu, kwa ajili ya kujua.

Vidole vishuke kwenye nyuzi kwa ncha, viungo vikiwa vimekunjika kidogo. Kucha za mkono wa kushoto zikatwe fupi kabisa. Kucha ndefu humlazimisha mtu kulaza kidole, na kidole kilicholala kinataka nguvu zaidi. Bibi harusi mtarajiwa aliyefuga kucha zake na hataki kuzikata asubiri harusi ipite ndipo aanze.

Hatua ya 5: Panga muda

Mwanzo mzuri ni dakika 10 hadi 15 kwa kikao, mara mbili au tatu kwa siku, pakiwa na saa kadhaa baina yao. Ngozi huwa ngumu kwa kuguswa mara kwa mara na kupewa nafasi ya kujijenga. Kikao kimoja cha saa mbili siku ya Ijumaa hutoa malengelenge, na wiki nzima inayofuata hupotea. Baada ya wiki mbili ongeza dakika tano kwa kila kikao, mradi maumivu ya jana yamekwisha kabla ya kuanza leo. Yakiwa hayajakwisha, usiongeze.

Dakika tatu za kwanza ziwe za mambo mepesi: kukunja na kukunjua vidole, kuzungusha mabega, kisha sauti moja moja za polepole. Katikati ya kikao, kila baada ya dakika tano, ondoa mkono shingoni na uuache uning'inie. Siku ambayo ncha zinawaka, kitu cha kufanya hakikosekani: zoeza mkono wa kulia mapigo ya mdundo huku nyuzi zikiwa wazi, au ujifunze majina ya sauti zilizomo shingoni kwa kutazama tu.

Hatua ya 6: Mshiko wa F na ndugu zake

Mshiko ambao kidole cha shahada hulala kukatiza nyuzi zote ndio unaowavunja mikono wengi, na F ya freti ya kwanza ni mgumu kuliko yote kwa sababu uko karibu na kichwa, mahali nyuzi zinapokataa zaidi kushuka. Hakuna amri ya kuujifunza mwezi wa kwanza. Piga kwanza ile F ndogo ya nyuzi nne nyembamba, ambayo kidole cha shahada hubana nyuzi mbili tu, au hata ile inayouacha uzi wa kwanza wazi. Katika nyimbo nyingi msikilizaji hatagundua.

Ukifika wakati wa mshiko kamili, uanzie kwenye freti ya tano, si ya kwanza, na ushuke nafasi moja kila baada ya siku kadhaa. Kidole cha shahada kizunguke kidogo ili nyuzi ziguswe na ubavu wake wa upande wa gumba ulio mgumu, badala ya nyama laini ya chini. Uvute mkono kutoka kwenye kisukusuku na bega kuelekea nyuma. Usitafute nguvu hiyo kwenye gumba. Shika kwa mapigo manne, achia kwa mapigo manne. Gumba likianza kuuma kwa chini, kazi ya siku hiyo imekwisha hata kama zimepita dakika mbili.

Mkono wa kulia huuma kwa nadra zaidi. Ukiuma, tazama kama kigasha kinakandamizwa na ukingo mkali wa gitaa, jambo linaloleta ganzi, na kama risha, kile kibapa cha kupigia nyuzi, inabanwa kwa nguvu. Kata kitambaa cha shati kuukuu ukifunge ukingoni, na chagua risha nyembamba.

Hatua ya 7: Tunza ngozi

Usipige gitaa mara tu baada ya vidole kukaa sana majini. Ngozi iliyolowa hulainika na kuchanika, kwa hivyo aliyetoka kuogelea, kufua, kuvua pweza au kufanya kazi kwenye shamba la mwani asubiri mpaka ikauke kabisa. Maji ya udhu hayana neno. Ni machache na hukauka upesi.

Lengelenge lisipasuliwe. Liache, lifunike kwa plasta, na upumzike mpaka lisiume. Likipasuka lenyewe, osha kwa maji safi na sabuni, using'oe ngozi iliyobaki, lifunike. Wekundu unaoenea, joto, usaha, mpwito wa maumivu, au mstari mwekundu unaopanda mkononi ni dalili za vijidudu, na ni mambo ya kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari asichukulie kidonda chochote cha kidole kuwa kidogo.

Wapo wanaochovya vidole katika spiriti ili sugu zije upesi, na wapo wanaopaka gundi kali juu ya jeraha ili waendelee kupiga. Sishauri hata kimoja. Spiriti hukausha ngozi mpaka ikapasuka, na gundi huficha kidonda ambacho bado kipo. Sugu zikishakuja na kuanza kubanduka pembezoni, sugua maganda hayo kwa msasa laini au tupa ya kucha ili yasinase kwenye nyuzi, usiyatafune. Mafuta ya nazi yapake usiku, si kabla ya kupiga.

Hatua ya 8: Maumivu ya ndani, hospitali, na kurudi

Yakitokea maumivu ya kano au ganzi, acha gitaa kabisa kwa siku kadhaa hadi wiki moja na upunguze kazi nyengine za mkono kadiri maisha yanavyoruhusu. Kama pamevimba, weka barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika 10, mara chache kwa siku. Isiguse ngozi moja kwa moja. Kuchua kwa nguvu mahali palipovimba huzidisha. Dawa ya maumivu isimezwe ili kupata kupiga, kwa sababu huondoa onyo na kuacha jeraha. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu hujinunulia dukani kwa urahisi, si za mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo, presha au mimba bila ya ushauri wa daktari.

Nenda hospitali ikiwa maumivu yanaendelea baada ya wiki mbili za kupumzika, ikiwa ganzi inakuja usiku au haiondoki, ikiwa vitu vinakudondoka mkononi, ikiwa kidole kinanasa, au ikiwa nyama ya chini ya gumba inaonekana kupungua. Hospitali ya Mnazi Mmoja kwa Unguja, na zile za Chake Chake, Wete na Mkoani kwa Pemba, ndipo pa kuanzia. Ukifika, mueleze daktari kazi yako ya kila siku pamoja na saa unazopiga, vidole gani hasa vinakufa ganzi, na ni wakati gani. Nenda na picha au video uliyojirekodi ukiwa umeshika gitaa, kwani mkao wa kifundo utamwambia mengi kuliko maneno. Pamoja na daktari, mtafute pia jicho la mwalimu. Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichoanzishwa Unguja mwaka 2002, kina walimu wa vyombo, na mpiga gitaa yeyote mzoefu wa kikundi cha jirani anaweza kuliona kosa la mkao kwa dakika moja.

Kurudi kuwe kwa utaratibu. Siku ya kwanza piga dakika tano za sauti moja moja, bila mishiko ya kukatiza nyuzi zote, na usubiri kesho yake. Pasipouma, piga dakika tano tena. Pasipouma tena, nenda saba, kisha kumi. Maumivu yakirejea, rudi kwenye kiwango cha mwisho ambacho hayakuwepo.

Utaratibu huu huu umfae anayerudi baada ya Ramadhani, mwezi ambao shughuli za muziki husimama huku kwetu na sugu hulainika kwa kukosa kazi. Mfungo mosi harusi hufuatana, mialiko huja yote kwa pamoja, na mpigaji hushawishika kuketi usiku mzima kwa vidole vya mwanafunzi. Akubali mialiko michache wiki ya kwanza, afunge nyuzi nyepesi, na pale nyimbo zinaporuhusu ashushe sauti kwa nusu toni, baada ya kukubaliana na muimbaji.